Kikohozi chatoka wapi?

Usiku zamu wa misioni akaa mlangoni. Akiona mtu asiyemjua, apiga kelele. Je, mwenye nyumba atamfunga zamu kinywa ili yeye apate usingizi? Hapana. Atauliza kwanza: «Nani amekuja?»

Kikohozi ni zamu wa mwili. Pumzi yaingia puani, yapita kooni, yashuka katika bomba la pumzi. Bomba hilo lina matawi mengi, kama mti uliopinduliwa: shina juu, matawi chini. Mwisho wa matawi kuna vifuko vidogo sana vya mapafu. Humo damu yapokea hewa safi na kuacha hewa chafu. Kitu kibaya kikigusa njia hiyo, kifua chajikaza, pumzi yatoka kwa nguvu, na kitu kile chatupwa nje. Ndiko kukohoa. Mungu Muumba wetu ametupa kikohozi kwa faida yetu. Basi kikohozi chenyewe si ugonjwa, ni alama tu. Yafaa tutafute kilichokileta.

Nani wanaomwamsha zamu huyu?

Wa kwanza ni mafua. Wengi husema: «Mtoto amenyeshewa mvua, ndiyo sababu akohoa.» Lakini mafua huletwa na vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Hutoka kwa mgonjwa akipiga chafya au akikohoa, tena hukaa mikononi mwake. Kwa kawaida mafua hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili.

Wa pili ni moshi. Mama apika kwa kuni katika nyumba isiyo na dirisha, mtoto yuko mgongoni. Kila siku mtoto avuta moshi ule, na mapafu yake yapungua nguvu. Pikeni nje, au fungueni mlango na dirisha. Tena angalisheni: usiku msiingize mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa ili kumpasha mtoto joto. Makala yatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo yaweza kuwaua watu wote wakiwa wamelala.

Wa tatu ni kitu kilichopotea njia. Mtoto acheza na karanga kinywani, acheka, mara aanza kukohoa sana, na mbele ya hapo hakuwa na mafua. Huenda karanga imeingia katika bomba la pumzi. Hata kikohozi kikitulia, apelekwe hospitali, maana karanga yaweza kubaki ndani. Msiwape watoto wadogo karanga nzima.

Wengine ni pumu, ambayo hubana njia ya pumzi hata kifua kikalia kama filimbi. Na minyoo, kwa sababu watoto wa minyoo ya tumboni hupita mapafuni kabla ya kurudi tumboni kukua. Basi choo safi na mikono safi husaidia hata kifua!

Wako pia adui wakubwa watatu.

Kifaduro humkamata mtoto kwa kikohozi kirefu kisichompa nafasi ya kuvuta pumzi. Mwisho avuta pumzi kwa sauti kubwa, na mara nyingi atapika. Kijidudu chake kilipatikana na waganga wawili Wabeljiji, Jules Bordet na Octave Gengou, mwaka 1906. Leo kuna chanjo. Katika nchi yetu ya Kongo mtoto huipata akiwa na wiki 6, tena 10, tena 14. Mkumbusheni mama asikose hata siku moja ya hizo.

Kifua kikuu huenda polepole. Mtoto akohoa wiki 2 au zaidi, akonda, ana homa, hana hamu ya kucheza. Mara nyingi amekipata kwa mtu mkubwa wa nyumba ile ile anayekohoa. Mganga Mdachi Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba amekiona kijidudu chake. Basi si uchawi, wala si laana ya jamaa. Kina dawa, lakini mgonjwa ameze dawa zote mpaka siku ya mwisho, hata akijiona amepona.

Nimonia ndiyo yenye haraka kuliko yote. Vile vifuko vidogo vya mapafu vyajaa usaha na maji, na hewa haipati nafasi. Ni ugonjwa mmoja wa yale yanayoua watoto wadogo wengi zaidi duniani. Dawa yake iko, lakini yapaswa kupewa upesi.

Tutaijuaje? Si kwa ukali wa kikohozi. Twaijua kwa pumzi. Mtoto awe ametulia, asilie, asinyonye. Inueni nguo yake, tazameni tumbo na kifua. Kila vinapoinuka, hesabuni moja. Hesabuni kwa dakika nzima, mkitazama saa. Pumzi ni za mbio mno zikifika:

60 au zaidi kwa mtoto asiyetimiza miezi 2;
50 au zaidi tangu miezi 2 mpaka mwaka 1;
40 au zaidi tangu mwaka 1 mpaka miaka 5.

Mtoto huyo apelekwe kwa waganga siku ile ile. Apelekwe mara moja, hata usiku, kama chini ya kifua chake pabonyea ndani anapovuta pumzi, kama hawezi kunyonya wala kunywa, kama ashikwa na degedege, kama midomo yake yageuka rangi, au kama alala na haamki.

Watu wengine husema: «Kilimi chake ni kirefu, tukikate.» Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kukikata hakuponyi mapafu. Kwaleta damu nyingi na vidonda, na siku ya kumwokoa mtoto yapita bure.

Kwa kikohozi kidogo, mtoto anyonye sana, anywe na kula. Aliyepita mwaka 1 aweza kulamba asali kidogo. Aliye chini ya mwaka asipewe. Nanyi mkikohoa, zibeni kinywa kwa kiwiko, wala msiteme mate chini. Ndiyo mapendo kwa jirani.

Watoto, mama anapokwenda shambani, nani anabaki na mdogo wenu? Mara nyingi ni ninyi. Ninyi ndio wa kwanza kumsikia zamu akilia. Msingoje jioni. Hesabuni pumzi, kisha kimbieni kumwita mama.

Maulizo
1. Kwa nini twasema kikohozi ni zamu wa mwili?
2. Mtoto wa miaka 3 avuta pumzi 46 kwa dakika. Mtafanya nini?
3. Kwa nini kukata kilimi ni hatari?
4. Nyumbani kwenu moshi watokea wapi? Mwaweza kuupunguza namna gani?