Je, Wajua? Mlima Mmoja, Nchi Mbili

Wajua Kenya na Uganda zinagawana mlima mmoja? Ndiyo, Elgon! Mpaka unakatiza juu kabisa, ndani ya kasoko yenyewe. Kilele kikuu, Wagagai, mita 4,321, kiko Uganda. Koitoboss, kilele bapa kama meza, kiko Kenya.

Tena ni mzee! Umri wake wakadiriwa miaka milioni 24, na Kilimanjaro haijatimiza hata milioni 3. Shikamoo, Elgon!

Kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi. Kasoko yake? Kilomita 8, ukingo hadi ukingo!

Sasa kaa vizuri usikie hili. Upande wa Kenya kuna pango la Kitum, lililozama mlimani kiasi cha mita 200. Usiku tembo huingia humo gizani totoro, wakipapasa njia kwa mkonga, kisha hubomoa mwamba kwa pembe na kuutafuna. Wanatafuta nini? Chumvi! Hebu fikiria: tembo wachimba madini! Nyati na mbawala nao huja kulamba chumvi hiyohiyo.

Unataka kupanda? Njia ya Sasa, inayoanzia Budadiri, ndiyo fupi ya kwenda Wagagai, lakini ni kali kwelikweli. Siku ya kwanza tu unapanda zaidi ya mita 1,600, na kwenye majabali ya Mudangi unakwea kwa ngazi!

Magoti yanalalamika? Shika njia ya Piswa kutoka Kapkwata: ndefu, lakini ya taratibu. Au ingia Kenya kwa lango la Chorlim, gari likufikishe mita 3,500 hivi, utembee hadi Koitoboss na kurudi siku hiyohiyo.

Na je, wajua unaweza kupandia Uganda ukashukia Kenya? Panga mapema na wahifadhi wa pande zote mbili, na pasipoti usiiache nyumbani! Njiani, kando ya Mto Suam, utakuta chemchemi za maji moto, hadi nyuzi 48.

Huo Suam nao ni ajabu. Unatoka ndani ya kasoko, unageuka kuwa Turkwel, kisha unaingia Ziwa Turkana, ambalo halina mto wa kutokea. Mito ya upande wa magharibi, kwa upande wake, inakwenda Ziwa Kyoga na kuingia Nile. Kwa hiyo mvua moja ikinyesha Elgon, maji mengine yanaishia Turkana, mengine yanashika safari ya Misri!