Miguu ya mpira yaweza kuipa spika sauti safi

MWENYE sabufa inayonguruma hadi vikombe vikagongana kabatini huamini kwamba aliuziwa chombo kibovu. Mara nyingi kosa si la spika, bali ni la mahali ilipowekwa.

Ndani ya spika mna kiwambo kinachosukuma hewa ili kutoa sauti. Kila kinaposukuma, sanduku nalo husukumwa upande wa pili, kwa mujibu wa kanuni aliyoichapisha Isaac Newton mnamo 1687. Nguvu hiyo ni ndogo. Hata hivyo, sanduku likiwekwa juu ya rafu ya mbao, mitetemo huingia katika rafu, na ubao ule mpana ukaitikisa hewa mithili ya ngozi ya ngoma. Msikilizaji husikia sauti ya pili isiyokuwamo katika wimbo. Besi huvimba na maneno ya mwimbaji yakafunikwa.

Miguu ya mpira laini au springi huikatia mitetemo hiyo njia, mradi iafikiane na uzito wa spika. Spika iliyosimama juu ya miguu hiyo huwa na kasi yake ya asili ya kuyumba. Mitetemo iliyo karibu na kasi hiyo haizuiliwi, bali huongezeka. Kinga huanza inapoizidi kwa takriban mara 1.4. Springi inayobonyea milimita 4 chini ya spika huyumba karibu mara 8 kwa sekunde, nayo besi ya chini kabisa isikiwayo na binadamu ni mitetemo 20 hivi kwa sekunde. Hiyo yatosha. Mpira mgumu usiobonyea ni pambo tu, hata ukiuzwa ghali. Ulio laini mno hukandamizika ukawa kama mgumu, au spika ikapinduka mtoto anapoigusa.

Ile miguu ya chuma yenye ncha kali ni kitu kingine. Kazi yake ni kuishikilia spika isicheze juu ya zulia, si kuzuia mitetemo.

Kabla ya kutoa fedha, inafaa mtu aweke kiganja juu ya rafu wimbo wenye besi unapopigwa. Rafu ikitetemeka, na atie vipande vya malapa makuukuu chini ya sanduku, kisha asikilize tena. Ikiwa spika iko juu ya sakafu ya saruji, ambayo ni nzito na haitikisiki kwa urahisi, tofauti itakuwa ndogo. Hapo huenda tatizo ni pembe ya chumba, ambayo huikuza besi, na kuisogeza spika mbali na ukuta hakugharimu chochote.

Wakazi wa ghorofa nao wasitarajie makuu. Miguu hupunguza mitetemo ipitayo sakafuni, lakini haizuii sauti ipitayo hewani na dirishani. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele zinagusa yote mawili, na jirani anayegonga mlango usiku huwa hajali ni ipi iliyomwamsha.