Umaskini si Matope

Mara nyingi husemwa kuwa msichana maskini katika sinema zinazotokana na riwaya za zamani hasadikiki, kwa sababu uso wake hung'aa mno na nguo zake hazichakai. Sinema ya Pride and Prejudice ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Joe Wright kutokana na riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813, yatupa mfano wa kutafakari. Humo Elizabeth Bennet, aliyeigizwa na Keira Knightley, huishi penye matope na mabata bukini, na nguruwe hupitishwa ndani ya nyumba yao.

Sisi tunaona kuwa matope hayo yanampotosha mtazamaji. Katika riwaya, baba yake Elizabeth hupata pauni 2,000 kwa mwaka, na mama hujisifu kuwa ana mpishi na mabinti zake hawana kazi jikoni. Umaskini wa Elizabeth haumo katika pindo la gauni. Umo katika hati. Shamba limefungwa kwa warithi wanaume tu. Siku baba atakapofariki, litachukuliwa na Bwana Collins, jamaa wa mbali. Mama na mabinti watano watabakiwa na akiba ya pauni 5,000, ambayo kwa faida ya asilimia 4 ni pauni 200 tu kwa mwaka.

Kwa hiyo Elizabeth anapoikataa posa ya Collins, anaikataa paa ya nyumba yao wote. Asiyelijua hilo ataona ni kiburi cha msichana tu. Katika sinema hiyo, umaskini unasadikika zaidi pale rafiki yake Charlotte, mwenye miaka 27, anapokiri kuwa hana fedha na anaogopa. Ndipo anapoolewa na Collins yule yule. Hapo kinachosadikisha si tope.

Wasomaji wetu wa visiwani hawatashangaa. Sheria ya mirathi ya Kiislamu humpa binti fungu lake, lakini fungu lisilogawiwa halimlishi mtu. Afisa anayepima shida ya mjane kwa kuitazama kanga yake aweza kukosea kama mtengenezaji wa sinema. Kwanza na aulize: nyumba anayolala imeandikwa jina la nani?