Mpiga gitaa, mtoki na albamu ya mwisho

Mwanangu wa kidato cha tatu anapenda muziki wa roki, ule ambao magitaa yananguruma kama mashine ya kusaga. Jumapili moja nilimwomba apunguze sauti. Akanijibu, "Mama, huyu anayepiga gitaa alikuwa anatibiwa saratani wakati wanatengeneza albamu hii." Nikavuta kiti.

Kundi hilo ni Black Sabbath, lililoanzishwa mwaka 1968 mjini Birmingham, Uingereza. Mpiga gitaa wake ni Tony Iommi, ambaye akiwa na miaka 17 alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, akajitengenezea vifuniko vya plastiki na kuendelea kupiga. Novemba 2011 yeye na wenzake, akiwemo mwimbaji Ozzy Osbourne, walitangaza kwamba wanarudi studio. Hawakuwa wametoa albamu nzima ya studio pamoja na Ozzy tangu 1978. Miezi miwili baadaye, Januari 2012, ikatangazwa kwamba Iommi, akiwa na miaka 63, ana saratani ya tezi za limfu. Aliona uvimbe kinenani.

Kwetu uvimbe wa kinenani una jina lake: mtoki. Na mara nyingi mtoki ni mtoki tu. Mtu ana kidonda mguuni, tezi za kinena zinavimba kwa sababu zinapambana na vijidudu, kidonda kinapona na uvimbe unanywea. Ndiyo maana bibi zetu walitazama mguu kwanza kabla ya kukanda, na hawakukosea kutazama.

Shida ni mtoki usio na kidonda. Hauumi, unateleza chini ya kidole kama kipande cha mpira, na baada ya mwezi upo palepale au umeongezeka. Unaweza kuwa kinenani, kwapani au shingoni. Ukiwa juu ya mfupa wa mtulinga, usisubiri hata huo mwezi. Ukiambatana na homa zisizoeleweka, jasho la usiku linalolowesha shuka, au kupungua uzito bila sababu, njoo wiki hii. Si lazima iwe saratani. Hapa kwetu kifua kikuu cha tezi kinafanana nayo sana, na virusi vya Ukimwi pia huvimbisha tezi. Lakini hakuna daktari anayeweza kuzitofautisha kwa kupapasa, mimi nikiwemo.

Kinachotofautisha ni kukata kinyama: kutoa tezi nzima au kipande chake kikapimwe maabara. Hapa ndipo wengi wanapokimbia, kwa sababu wameambiwa kwamba kisu kikigusa saratani inasambaa. Hapana. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni miezi inayopita bila jibu. Na ombi moja: usimeze vidonge vya prednisolone vya duka la dawa kabla ya kipimo. Vinaweza kunywesha uvimbe kwa muda na kuharibu majibu, halafu ugonjwa unarudi na tumeshapoteza wakati.

Wazazi, kwenu kuna habari tofauti kidogo. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto waliovimba taya kwa namna isiyo ya kawaida. Saratani hiyo ya limfu sasa ina jina lake, na inaonekana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi kama yetu. Huwapata hasa watoto wadogo, kwenye taya au tumboni, na inakua haraka kuliko karibu uvimbe mwingine wowote wa binadamu. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo ile hesabu ya mwezi mmoja haimhusu mtoto huyu. Meno yakilegea ghafla na shavu likivimba, msiishie kung'oa jino. Mpelekeni hospitali kubwa siku hiyohiyo ikiwezekana. Nawaambia kwa moyo mweupe kwa sababu inasikia dawa vizuri, na watoto wengi wanaowahi hupona kabisa.

Turudi kwa Iommi, kwa sababu sehemu iliyonigusa zaidi haihusu uvimbe. Kundi lilikuwa limejipanga kufanya kazi Los Angeles. Alipougua, hawakumwambia amalize albamu kwanza ndipo atibiwe, wala hawakumwacha nyumbani wakatafuta mpigaji mwingine. Walihamia Uingereza, karibu na matibabu yake, wakawa wanatunga kwenye studio yake ya nyumbani kadiri alivyokuwa na nguvu. Albamu, iliyopewa jina "13", ilitoka Juni 2013 na kushika namba moja Uingereza na Marekani. Hata kwenye ziara zilizofuata, kila baada ya wiki sita hivi alirudi nyumbani kuwekewa dripu ya dawa. Mwaka 2016 alisema ugonjwa umetulia. Hawakurekodi albamu nyingine ya studio.

Ninyi mtasema, daktari, yule ana pesa. Ni kweli, na sitajifanya sijui nauli ya basi kutoka kijijini. Lakini kliniki yangu imejaa watu wanaosema "nivune kwanza" au "watoto wafungue shule kwanza". Wengine wanaanza dawa, baada ya dripu ya pili uvimbe unanywea, wanaona wamepona, hawarudi. Nimewapokea tena miezi mingi baadaye, na dawa ile ya mwanzo haitoshi tena. Uvimbe kunywea maana yake dawa inafanya kazi. Mzunguko wa dawa umalizwe.

Kwa hiyo mgonjwa akipewa tarehe za dripu, familia ikae pamoja nazo. Nani atapalilia wiki ile, nani atabaki na watoto. Gharama zikiwa mlima, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, msingoje deni lifike. Kazi nyepesi si haramu siku ambazo mgonjwa anajisikia vizuri. Ila akipata homa akiwa kwenye dawa za saratani, hata usiku, ni hospitali moja kwa moja, si panado na kulala, kwa sababu kinga yake iko chini.

Na ukiona uvimbe leo, chukua kalenda ya ukutani uandike tarehe. Ndilo swali la kwanza nitakalokuuliza, na karibu kila mtu hunijibu, "Siku nyingi kidogo."