Anayetafuta 'maktaba ya Rais' Dar es Salaam aanzie Lumumba

MGENI akishuka Kariakoo na kuuliza ilipo maktaba ya Rais wa kwanza wa nchi hii, atazungushwa sana. Hakuna jengo lenye jina hilo. Kumbukumbu za Mwalimu Julius Nyerere zimetawanyika: chache Kariakoo, nyingine Magomeni, nyingine Mtaa wa Shaaban Robert, na sehemu kubwa iko Butiama, mkoani Mara.

Wamarekani wao wana utaratibu wao. Maktaba ya Franklin Roosevelt ilifunguliwa mwaka 1941 akiwa bado madarakani, na sheria ya mwaka 1955 ikawawezesha marais waliofuata kufanya vivyo hivyo. Barua, mafaili, picha na zawadi za rais huwekwa mahali pamoja, mtafiti na mtoto wa shule wakaingia kwa mlango mmoja.

Tanzania ilichagua njia tofauti. Nyaraka za Serikali huenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, chini ya sheria ya mwaka 2002. Sheria nyingine ya mwaka 2004 inahusu namna ya kuwaenzi waasisi wa Taifa, yaani Mwalimu Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume. Vitu vya kutazamwa viko kwenye makumbusho. Matokeo yake ni kwamba karatasi ziko upande mmoja na gari upande mwingine, na ni wachache wanaopata nafasi ya kuviona vyote.

Hata hivyo, kwa mkazi wa Dar es Salaam ziara hiyo inawezekana kwa siku moja, na mahali pa kuanzia ni Mtaa wa Lumumba, zamani New Street. Hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya African Association, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954. Leo ni ofisi ya CCM. Maelfu ya watu hupita mbele yake kila siku wakiwa na mizigo ya nguo na vyombo, bila kugeuza shingo.

Machi 1955 Mwalimu alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu Pugu, na kwa muda akakaribishwa Kariakoo, nyumbani kwa Abdulwahid Sykes. Wazee wa mitaa hiyo husimulia pia juu ya duka dogo la Mama Maria lililouza mafuta ya taa. Habari za namna hii haziko kwenye kabati lolote la kioo. Ziko vichwani mwa watu ambao kila mwaka wanapungua, na katika nyumba za chini ambazo moja baada ya nyingine zinabomolewa kupisha maghorofa ya biashara. Hilo ndilo linalopaswa kuwahangaisha wapenda historia kuliko kukosekana kwa jengo la fahari.

Kutoka hapo, nauli ya basi inatosha kumfikisha mtu Magomeni, ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Katika Mtaa wa Ifunda ipo nyumba aliyoishi Mwalimu na familia yake kabla ya Uhuru, ambayo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida ya mjini, na pengine ndiyo sababu inagusa: samani na vyombo vya ndani vinaonyesha maisha ya mtu aliyekuwa amekwishaacha mshahara.

Makumbusho ya Taifa, jirani na Bustani ya Mimea, yana sura nyingine. Yalifunguliwa mwaka 1940 yakiwa na jina la Mfalme George wa Tano. Humo limo gari la Rolls-Royce walilopanda magavana wa Kiingereza, na baadaye Mwalimu mwenyewe. Waliotoka kuiona nyumba ya Magomeni asubuhi hukaa mbele ya gari hilo muda mrefu kidogo.

Vitabu vyake je? Kwa hivyo ni lazima kusafiri zaidi ya kilometa 1,000 hadi Butiama, alikozaliwa na alikozikwa, na ambako makumbusho yanayobeba jina lake yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka aliofariki. Mtu aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili huku akiongoza nchi hakuwa msomaji wa kubahatisha.

Kwa anayebaki Dar es Salaam, tahadhari ni moja tu. Wakati wa masika Barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa mara kwa mara kwa mafuriko. Msimu huo ni heri kwenda Magomeni kwanza, mawingu yakiwa bado mbali, na Lumumba ikafuata baadaye.