Zahanati Inayokuja kwa Lori

Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kuna boma la zahanati. Wananchi tulichanga, tukasomba mawe na mchanga, kuta zikafika kwenye lenta, mambo yakaishia hapo. Sasa mbuzi wanajikinga jua humo. Mwaka jana dada yangu alishikwa uchungu usiku, tukampakia kwenye bodaboda kwenda mjini. Alijifungua salama, ila ile safari sijaisahau.

Mwaka 2007, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), lengo lilikuwa zahanati kila kijiji. Mbona maboma bado yapo? Sababu moja ni kwamba tunajenga kwa hatua: msingi, kuta, kisha paa. Pesa zikiisha katikati, kila kitu kinasimama.

Ujenzi wa moduli unabadilisha mpangilio huo. Vyumba vinatengenezwa kiwandani vikiwa na nyaya, mabomba, milango na paa, na wakati huohuo kijijini msingi unachimbwa. Lori linaleta, kreni inapanga, mafundi wanaunganisha. Mwaka 2020 Wachina walisimamisha hospitali ya Huoshenshan, Wuhan, yenye vitanda 1,000, kwa siku kama 10 tu.

Lakini tusidanganyike, jamani. Kontena la kawaida lina upana wa mita 2.4 hivi, kwa hiyo chumba cha kujifungulia kitahitaji mawili yaunganishwe. Lisipowekewa kizuia joto, jua la Simiyu litaligeuza tanuri. Halafu udongo wetu mweusi wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Msingi ukiwa hafifu, maungio yataachana.

Kenya wametuachia somo. Kliniki 100 za kontena zilizonunuliwa na Wizara ya Afya zilikaa miaka kadhaa Miritini, Mombasa, bila kutibu mtu.

Maoni yangu ni haya: nguvu za wananchi ziende kwenye msingi, kisima na nyumba ya muuguzi, vyumba vije na lori. Wengi wetu tunaosomea ualimu tutapangiwa vijiji kama hivi, na kwenye mkutano wa kijiji mwalimu husikilizwa. Siku wazo hili likiletwa, tuulize kwanza: maji yatatoka wapi, na nani atakuwa zamu usiku?