Bukirasazi: Jibini inapatana na tunda gani?

"Amashyo," husema Mrundi anapomsalimu mwenzake, yaani ujaliwe makundi ya ng'ombe. Salamu hiyo bado ina maana Bukirasazi, kusini mwa mji wa Gitega, ingawa kundi siku hizi huenda likawa ng'ombe mmoja wa zizini. Tangu 2021, sheria inawataka wafugaji wasiwaachie ng'ombe kuzurura malishoni. Majani hukatwa na kuletwa, kwa hiyo kila lita ya maziwa ina jasho lake.

Lakini maziwa hayangoji. Yakikamuliwa jioni katika nyumba isiyo na friji, asubuhi huenda yameanza kuchacha. Ndipo jibini inapoingia. Lita 10 hivi za maziwa hutoa kilo moja ya jibini ngumu, nayo hukaa wiki nyingi mahali penye ubaridi. Wafugaji wa Masisi, Kivu Kaskazini, wanaijua kazi hiyo kwa miaka mingi. Jibini yao, inayofanana na gouda ya Uholanzi, hujulikana kwa jina la Goma. Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, miaka 15 baada ya Burundi, hivyo kwa makaratasi jibini ya Goma si mgeni tena. Barabarani ni habari nyingine, kwa sababu ya vita.

Anayetaka kuipeleka mezani Bukirasazi atakutana kwanza na wazee. Warundi walikuwa na kanuni zao za maziwa: hayachemshwi, wala hayanywewi siku moja na njegere au karanga. Mwiko wa moto ndio mzito, kwa sababu jibini laini ya nyumbani huanzia kwenye sufuria. Maziwa hupashwa hadi yakaribie kuchemka, hutiwa maji ya limau, yakigawanyika huchujwa kwa kitambaa safi. Kwa mkwe wa makamo ni heshima kuuliza kabla ya kuandaa. Vijana wengi hawataona shida.

Matunda yapo tele, na kila moja lina tabia yake. Jibini laini, isiyo na chumvi nyingi, inataka kitu cha kuiamsha: marakuja, ambayo Watanzania huiita pasheni, ikamuliwe juu yake pamoja na asali kidogo. Hicho ni kifungua kinywa cha watoto siku ya Jumapili. Ndizi mbivu nayo inafaa, ila tamu kwa laini huchosha mapema.

Jibini ngumu yenye chumvi ndiyo ya wageni. Siku ya kupokea posa, wakati ng'ombe wa mahari wanatajwa na vinywaji vinazunguka, vipande vyake pamoja na nanasi lililoiva vitakwenda haraka kuliko mwenye nyumba alivyotarajia. Kwa safari ya basi kuelekea Muyinga na mpaka wa Kobero, jibini hiyo hiyo na ndizi mbili zinatosha. Haimwagiki wala haihitaji kijiko.

Parachichi linasifiwa bure hapa. Ni mafuta juu ya mafuta. Asiyeweza kuliacha alitie limau na chumvi, kisha alipake kwenye mkate chini ya jibini.

Tahadhari moja ni ya lazima. Nanasi bichi na papai vina vimeng'enya vinavyovunja protini, ndiyo maana wapishi wa pwani hulainishia nyama ngumu kwa papai. Vikichanganywa mapema na jibini laini, huigeuza chungu, na wapishi hulaumu maziwa bure. Vitengwe kwenye sahani, vikutane mdomoni. Nanasi lililopikwa kwanza halina tatizo hilo.

Maji yanayopita kwenye kitambaa yasimwagwe. Nguruwe huyapenda, na uji wa mahindi uliopikwa kwayo una uchachu mzuri.